Wasindikizaji wa Ash

Misty alimfuata Ash kwa ajili ya baiskeli. Kipindi cha kwanza cha katuni ya Pokémon, kilichorushwa Japani tarehe 1 Aprili 1997, kinamwonyesha shujaa wake, Ash, akiinyakua baiskeli ya binti huyo ili awakimbie ndege wenye hasira, kisha umeme wa Pikachu, kiumbe (Pokémon) wa Ash, ukaiunguza ikabaki vyuma vyeusi. Misty akaapa hatabanduka mpaka alipwe. Akaandamana naye miaka mitano. Mwishoni mwa safari ya mkoa wa Johto, mwaka 2002, baiskeli ikarudi imetengenezwa kama mpya, na papo hapo dada zake wakamwita nyumbani akausimamie ukumbi wa mapambano wa familia, maana wao wanakwenda kutembea duniani. Deni limelipwa, mdai aondoke.

Akaja May. Baiskeli yake nayo ikaunguzwa na Pikachu. Mwaka 2006 akaja Dawn, na ya kwake vilevile. Bila shaka waandishi walikuwa wakijitania wenyewe, lakini utani huo ulitoboa siri: katika katuni hii, rafiki wa shujaa ni nafasi ya kazi. Mmoja akitoka anaajiriwa mwingine, na hata sharti la kuingilia kazini halibadilishwi.

Wasindikizaji hao nimeishi nao tangu nikiwa mwanafunzi wa sekondari mjini Tanga. Nyumba yetu ya Ngamiani ilikuwa na deki iliyochoka, na diski tulizonunua zilikuwa zile za kurudufu, vipindi kibao vimebanwa pamoja bila mpangilio. Kipindi cha Johto kinafuatiwa na cha Hoenn, mkoa wa May, kisha unarudishwa Kanto, ule wa mwanzo. Misty yupo, hayupo, yupo tena. Kuaga kwake hatukukuona. Tulishtukia tu mahali pake pana msichana mwenye kitambaa chekundu kichwani, na hakuna aliyetueleza ametoka wapi.

Umeme ukikatika, na miaka ile ulikatika sana, watoto wa jirani walikaa uani wakanitaka niwamalizie hadithi. Waliokielewa Kiingereza cha kwenye katuni walikuwa wachache, kwa hiyo hata vile vipindi walivyoviona walitaka wasimuliwe upya. Msimulizi wa gizani hana nafasi ya mapambo. Kila jina unalolitaja ni lazima lifanye kitu, la sivyo watoto wanaanza kuvutana na kuua mbu. Baada ya muda nikaona kwamba katika masimulizi yangu wapo watu waliokuwa wakitoweka wenyewe. Sikukusudia kuwatoa, nilikuwa nikifika mahali pao naruka, na hadithi inaendelea bila pengo. Tracey, kijana mchoraji aliyesafiri na Ash kwenye visiwa vya Orange, sidhani kama nilimtaja hata usiku mmoja. Wasikilizaji wangu hawakuniuliza alikokwenda.

Zile diski zilizochanganywa zilinifunza jambo la pili. Kuna wahusika ambao ukiwaona leo wakiwa msimu wa tatu, kesho wa kwanza, keshokutwa wa nane, huoni tofauti yoyote ila nguo. Wapo na wengine, wachache, ambao diski ikivurugika unachanganyikiwa: mbona jana alikuwa anajiamini na leo analia? Imetokea nini hapa katikati? Ukijiuliza swali hilo, ujue kuna mwandishi aliyefanya kazi yake.

Anayenisumbua zaidi ni Brock, kwa sababu alianza vizuri kuliko wote. Tunamkuta mji wa Pewter akilea kundi la wadogo zake, baba kawakimbia, na yeye kijana mdogo ndiye anayepika, anayeshona, na juu ya hayo ni mkuu wa ukumbi wa mapambano. Baba yake, Flint, anajitokeza hatimaye na kukubali kuubeba mzigo wake, ndipo Brock anapata ruhusa ya kufuata ndoto ya kuwa mlezi wa Pokémon. Kwa dakika ishirini hivi tuna mtu kamili mbele yetu. Kisha anaingia barabarani na Ash, na waandishi wanamkabidhi tabia moja: akiona mwanamke mzuri, akili inamruka. Misty anamvuta sikio. Misty alipoondoka, zamu ya kuvuta sikio akaichukua Max, mdogo wake May. Max naye alipoondoka kazi akapewa Croagunk, chura wa sumu anayemdunga na kumburuta pembeni. Mvutaji amebadilika mara mbili, mvutwaji ni yuleyule, na maneno anayomwambia kila nesi na kila askari wa kike ni yaleyale kuanzia Kanto hadi Sinnoh.

Kuna mahali walimfanyia ubaya zaidi. Mwaka 1999 Brock alibaki kwa Profesa Ivy, na Tracey akachukua nafasi yake. Masamitsu Hidaka, mmoja wa waongozaji wa katuni hiyo, aliwahi kueleza sababu: watayarishaji walihofu kwamba watazamaji wa Magharibi wangeyachukulia yale macho yake membamba kuwa ni dhihaka kwa watu wa Asia. Hofu hiyo haikuwa na msingi, Brock alipendwa huko kama kwingine, basi akarudishwa na Tracey akaachwa kwenye maabara ya Profesa Oak. Lakini Brock karudi na jeraha. Ukitaja jina la Ivy anaanguka, anajikunja, anaomba jina hilo lisitajwe tena. Kilichotokea kule hatukuambiwa kamwe. Watazamaji wengi wanaona ni kichekesho kizuri. Mimi naona ni mlango uliofunguliwa inchi moja kisha ukapigwa misumari. Hapo palikuwa na hadithi ya kijana aliyependa kweli au aliyeumizwa kweli, jambo ambalo lingeyapa maana mapenzi yake yote ya mzahamzaha, na waandishi wakachagua aanguke chini tucheke.

Tulimpenda hata hivyo, na sababu ni sufuria. Brock anapika. Anajua mti upi ni dawa, anajua kumtuliza Pokémon mwenye homa, ana sindano na uzi mkobani. Katika masimulizi yangu ya uani sikuweza kumruka, kwa kuwa bila yeye wale watoto wawili wangekufa njaa msituni. Mhusika anayehitajika husitirika hata akiwa hana nafsi. Mwaka 2010, baada ya miaka kumi na mitatu, wakampa hatimaye uamuzi wa kwake: anawahudumia Pokémon waliougua safarini, na anagundua anataka kuwa daktari. Ni kipindi kizuri sana. Pia ndicho kinachomwondoa kazini.

Kwa nini waandishi hodari, waliolipwa na waliokuwa na muda, walikubali kuandika hivi? Tazama kalenda. Michezo ya kompyuta ya Ruby na Sapphire iliingia madukani Japani tarehe 21 Novemba 2002, na siku hiyohiyo ndipo safari ya Ash na May ilipoanza kwenye televisheni. Diamond na Pearl iliuzwa kuanzia tarehe 28 Septemba 2006. Dawn alianza tarehe hiyohiyo. Black na White ilitoka tarehe 18 Septemba 2010, na siku tano baadaye zikaanza safari za Iris na Cilan. X na Y ilitoka tarehe 12 Oktoba 2013, na siku tano baadaye zikaanza safari za Kalos, ambako Ash alipewa Clemont, Bonnie na Serena. Rafiki anaingia na kutoka kwa ratiba ya duka, ilhali Ash mwenyewe, aliyepewa jina la Satoshi kule Japani kwa heshima ya Satoshi Tajiri aliyeubuni mchezo, amebaki na miaka kumi tangu siku ile ya baiskeli. Mwandishi anayejua kwamba mhusika wake atafutwa baada ya miaka mitatu, na kwamba kila wiki yupo mtoto mpya anayewasha televisheni bila kujua kilichopita, atavutwa kumpa tabia ya kutambulika haraka: kelele, msemo, woga wa mdudu fulani. Kumpa haja kunachukua muda, na tena kunadai kumbukumbu kwa mtazamaji.

Iris na Cilan ndio waliolipa gharama ya haraka hiyo hadharani. Iris anaruka kwenye miti, na kila Ash anapoteleza anamwambia ni mtoto mdogo. Anamwambia leo, anamwambia kesho, anamwambia baada ya vipindi hamsini. Cilan ni mjuzi wa kuonja na kupima ulinganifu wa Pokémon na bwana wake, kazi ambayo kwa hakika ina utamu wake, ila walipoishiwa na cha kumfanyia wakamfanya mjuzi wa kila kitu: wiki hii mjuzi wa treni, wiki nyingine mjuzi wa uvuvi, mara wa filamu, mara wa upelelezi. Mtu anayejua kila kitu hana anachokitafuta. Kwa Iris, kinachouma ni kwamba alikuwa na hadithi. Excadrill, Pokémon wake, aliwahi kuaibishwa katika pambano ambalo Iris hakukubali lisimame, akajikunja na kukataa kumsikiliza. Msichana anayewaita wenzake watoto, kumbe yeye mwenyewe ana kosa la kitoto linalomlaza macho! Vipindi vichache vililigusa hilo, likamalizwa, na tukarudi kwenye miti.

Dawn naye ana msemo. Kila mara anasema hakuna haja ya kuhofu. Angalia wanavyoutumia. Mama yake ni bingwa wa zamani wa mashindano ya maonyesho, na Dawn anatamani njia hiyohiyo. Anashindwa shindano la kwanza. Anashinda la Floaroma, anapata utepe wake. Kisha anatolewa raundi ya kwanza Hearthome, na tena raundi ya kwanza Solaceon. Hapo msemo unabadilika rangi. Anausema akitabasamu, na wenzake wanajua kwamba akishasema hivyo ndipo pa kuanza kuhofu. Maneno ni yaleyale, mtu si yuleyule. Anafikia kujiuliza kama afungashe. Kinachomwinua ni pambano na Maylene, mkuu wa ukumbi wa Veilstone, ambaye naye kapoteza imani na nafsi yake. Wasichana wawili walioshindwa wanapigana, na Ash amekaa pembeni akishangilia. Baadaye Dawn anafika fainali ya Tamasha Kuu na kufungwa na rafiki yake Zoey. Hakuna aliyemshindia, na hakuna aliyemwonea.

Ni vipindi hivyo vilivyotugombanisha uani. Diski ilikuwa imeruka Solaceon. Tulimwona Dawn kashinda, kisha tukamwona hataki kushika mpira wa Pokémon wake. Watoto waliniambia nimewadanganya, lazima kuna kitu nimekificha. Tulitafuta kipande kile kwa wauzaji wa diski mjini mpaka tukakipata. Kwa Cilan hakuna ambaye angetoa hata nauli ya daladala.

Na wale watatu wabaya? Jessie, James na Meowth wanashindwa kila kipindi, wanarushwa angani kila kipindi, msemo wao wa kujitambulisha ni mrefu kuliko wa mtu yeyote. Kwa kipimo cha kuchoshwa na marudio tungewachoka kabla ya wote. Wanadumu kwa kuwa timu ya mwandishi mkuu wa mwanzo, Takeshi Shudo aliyefariki mwaka 2010, iliwapa mambo waliyoyakosa. Jessie kakulia katika umaskini wa kulishwa theluji. James kakimbia utajiri na mchumba aliyechaguliwa na wazazi. Meowth, Pokémon wa umbo la paka, alimpenda paka wa kitajiri, akajifunza kusimama kwa miguu miwili na kusema lugha ya watu ili apendwe, na paka yule akamwona ni kituko. Nguvu zote zilikwenda kwenye kusema, ndiyo maana hawezi mbinu ambazo Meowth wengine wanaziweza. Nilipowasimulia watoto kisa hicho gizani, kwa mara ya kwanza hakukuwa na aliyeua mbu.

Kisa kilichonishinda kukisimulia ni cha Max. Mtoto huyo hajafikisha miaka kumi, kwa hiyo haruhusiwi kumiliki Pokémon. Anatembea na dada yake, anasoma vitabu, anajua nadharia yote, na mikono yake ni mitupu. Siku moja anamtunza Pokémon mgonjwa aitwaye Ralts, wanapendana, na anamwahidi kwamba akitimiza umri atarudi kumchukua. Mdogo wangu wa mwisho, ambaye naye alikuwa amechoka kuambiwa subiri ukue, aliniuliza kila wiki kama Max ameshamrudia Ralts. Nilimwambia bado. Msimu ukaisha, May akaenda zake Johto, Max akarudishwa nyumbani Petalburg, na kurudi kwake kwa Ralts hakukuonyeshwa. Walikuwa na haja iliyo wazi kabisa, mtoto yeyote duniani angeielewa, wakaiacha njiani kwa sababu tarehe ya mchezo mpya imefika.

Miaka ilipita nikajikuta Dar es Salaam nikiandika mchezo wa redio wa kila wiki. Tanzania tuna historia katika kazi hiyo. Twende na Wakati, ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993, ulimfanya Mkwaju, dereva wa lori, ajulikane nchi nzima, ila mimi ninayemheshimu ni mkewe, Tunu. Ungetegemea awe mke wa kulia na kusubiri. Wakampa biashara yake mwenyewe, na kuanzia hapo msikilizaji alikuwa na sababu ya kumfuatilia hata Mkwaju akiwa safarini.

Katika mchezo wetu nilimkuta rafiki wa shujaa, kijana wa bodaboda, ambaye kazi yake ilikuwa kusema "Mimi simo!" kila pakitokea tatizo. Wasikilizaji walimpenda. Walikuwa wanauiga msemo wake vijiweni, na mtayarishaji alitaka usemwe mara tatu kwa kila kipindi. Kisha simu za wasikilizaji zikaanza kupungua sifa. Waandishi wenzangu walipendekeza apewe msemo wa pili. Aliyetuokoa ni mwigizaji mwenyewe, mzee wa maigizo aliyejifanya kijana kwa sauti tu. Studio, kabla ya kurekodi, alishusha karatasi akatuuliza:

"Wanangu, huyu bwana analala wapi?"

Hatukuwa na jibu. Hana mama, hana kodi ya nyumba, pikipiki hatujui ni yake au ya tajiri. Nikakumbuka zile diski. Nikaomba tuchukue miswada ya nyuma, tuichanganye, tusome sehemu zake peke yake bila kufuata mpangilio. Zilisomeka vizuri kabisa. Huo ndio uliokuwa ugonjwa.

Msemo hatukuufuta. Tulimfanya awe amemdhamini shujaa wetu mkopo kwa siri, pikipiki ikiwa rehani. Wadai walipokuja kijiweni akawajibu vilevile, "Mimi simo," na msikilizaji anajua kwamba yumo mpaka shingoni. Yule mzee alilitamka neno lile kwa sauti ya chini, fundi wa mitambo akainua kichwa. Pikipiki ikachukuliwa. Wiki kadhaa akawa anatembea kwa miguu, anachelewa kila mahali, na shujaa hajui kwa nini. Tangu hapo miswada yake haikuchanganyika tena.

Katuni yenyewe iliendelea bila mimi kuifuata kwa ukaribu, ila niliirudia kila ilipobadilisha watu. Serena alimfuata Ash kwa ajili ya leso aliyopewa utotoni, akakaa muda mrefu bila shughuli, kisha akapata maonyesho ya jukwaani na akaanza kuwa mtu. Goh, aliyeanza mwaka 2019, alipewa haja kubwa kuliko wote, kumpata Mew, Pokémon adimu, na papo hapo akapewa mkono usiokosea: anarusha mpira, Pokémon anaingia, mara nyingi hata pambano hakuna. Haja isiyo na gharama inachosha kama msemo. Chloe, binti wa Profesa Cerise, ndiye niliyemtaka. Kila mtu anadhani atafuata kazi ya baba yake, na kwa ajili hiyohiyo hataki kusikia habari za Pokémon. Walimweka pembezoni, wakamleta mbele mara chache.

Ash alitwaa ubingwa wa dunia mwezi Novemba 2022, na Machi 2023 akaaga, baada ya vipindi zaidi ya 1,200. Sasa watoto wa wale niliowasimulia uani wananiuliza waanzie wapi. Ukiulizwa nawe, mwanzishie mtoto safari za Sinnoh, za Dawn, na uhakikishe anavitazama vipindi kwa mpangilio wake. Vya Cilan achague apendavyo.